Mafungu Kumi na Matatu

Habari kwamba Mama Aline analima bangi ilifika kanisani Fairfield, huko Sydney, kabla yeye mwenyewe hajafika. Jumapili hiyo alipoingia, wanawake wawili wa kwaya waliweka mikoba yao upesi kwenye kiti kilichokuwa wazi, na mzee mmoja akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Chibalonza, maana ndilo jina lake, aliyaona yote. Akaenda kuketi mstari wa mbele, akaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, na ibada ilipokwisha hakungoja kuulizwa. Alisimama mlangoni, mahali ambapo kila mtu lazima apite, akawaambia kwamba ndiyo, kazi yake ni bangi, tena bangi yenye leseni na kufuli mbili mlangoni, na kwamba mwenye hamu ya kujua zaidi apande naye treni ya Jumatatu asubuhi mpaka Penrith. Watu wote wakakumbuka ghafla kwamba wameacha vyungu jikoni.

Asiyemjua angesema ni mgomvi. Hakuwa mgomvi. Alikuwa mtu asiyeweza kunyamaza pale anapojua, na hilo lilimponza mara nyingi kuliko ugomvi wowote. Alizaliwa Kabare nchini Kongo, kwenye vilima vya juu ya Ziwa Kivu, katika familia ya Washi iliyolima maharage na ndizi tangu hapo zamani. Vita vilimtoa huko, yeye na mumewe Fidèle na binti yao Aline, vikawatupa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania. Walikaa kambini miaka minane. Mwaka 2005 wakaletwa Sydney, Australia, wakapata nyumba ya kupanga Toongabbie, yenye ua nyuma, na kabla hata hawajanunua vitanda Chibalonza alikuwa ameshauchimba ua wote, nyasi za mwenye nyumba zikawa historia.

Kazi alizifanya za kila aina. Alisafisha ofisi, alipanga mapaja ya kuku kiwandani, alikunja mashuka ya hoteli. Kila alipokwenda kuandikishwa aliulizwa anajua kufanya nini, naye kila mara alijibu kwamba anajua mbegu. Yule wa mezani alitabasamu, akaandika kwamba hana ujuzi. Jambo hilo lilimuuma. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kati ya hiyo thelathini na tano alikuwa ameshika ungo, halafu mtu aliyezaliwa juzi anamwandika hana ujuzi kwa kalamu ya bure.

Mwisho wa 2008 wakala mmoja akampeleka kufagia katika kituo cha utafiti kilichokuwa nje kidogo ya Penrith. Palikuwa na mabanda manne ya vioo, ua wa waya mrefu, kamera, na kufuli mbili. Ndani ya mabanda hayo ndimo ilimokuwa hiyo bangi iliyowafanya watu wa kwaya wakumbatie mikoba yao.

Sasa, haki itendeke, hata mimi ninayesimulia ningeshtuka. Mimea ile ni ndugu wa bangi ya kuvuta, ndugu wa tumbo moja: majani yaleyale, harufu ileile. Tofauti iko ndani. Ipo kemikali inayolevya, wenyewe huiita THC, na ipo nyingine isiyolevya, CBD, na kila mmea una kipimo chake cha hiyo na cha ile. Sheria ya huko inataka bangi ya nyuzi, inayolimwa kwa ajili ya nguo na kamba, iwe na ile ya kulevya chini ya asilimia moja. Mkulima asiye na bahati akipewa mbegu mchanganyiko, shamba lake zima linachomwa na leseni inakwenda na moshi. Kwa hiyo kituo kilikuwa kinatafuta ukoo safi, mimea ambayo watoto na wajukuu wake wote watakuwa hawalevyi, hata jua liwake vipi.

Aliyekuwa akiutafuta ukoo huo ni mtaalamu mmoja mrefu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, jina lake Bronwyn. Alitaka kila mtu amwite Bronwyn tu. Chibalonza alikataa kumwita daktari jina tupu kama mtoto wa jirani, akamwita Dokta, na ikabaki hivyo. Dokta alikuwa mpweke kazini na alipenda kueleza mambo, na mtu anayefagia polepole ni msikilizaji mzuri. Alimweleza kwamba kila mmea hupokea agizo moja kwa mama na moja kwa baba. Ukipokea mawili ya kutolevya, uko safi, na watoto wako kwa baba aliye safi watakuwa safi wote. Ukipokea moja la huku na moja la kule, wewe ni wa katikati, na hata kwa baba aliye safi nusu ya watoto wako watatoka na doa lako. Na kwa macho, alisema Dokta, huwezi kuwatofautisha hata ukodoe vipi. Lazima ukate jani ulipeleke maabara.

Chibalonza alielewa siku ileile. Alielewa pia kwamba Dokta hajawahi kulima kwa njaa.

Kufikia Machi 2009 alikuwa ameshatolewa kwenye ufagio. Alimwagilia, alifunga mimea kwenye fito, alivisha majike mifuko ya kitambaa ili chavua ya ovyo isiingie. Kisha Dokta akachagua majike kumi na mawili yaliyomvutia, akayapa chavua ya dume moja safi, na mbegu zilipokomaa yakakatwa, kila moja likawekwa katika mfuko wake wenye namba. Vichwa vichache vya kila jike vilipelekwa maabara. Vilivyobaki, Dokta akamkabidhi Chibalonza. Mwenyewe alikuwa na mkutano mjini siku mbili. Akamwomba azipukuchue, azipepete, aziweke mahali pakavu.

Hakumwambia azitenganishe. Kwa mtu wa maabara hilo halisemwi, kama usivyomwambia mtu avae suruali kabla ya kwenda ofisini.

Kwa mama wa Kishi nalo halisemwi, ila ni kinyume chake. Kule Kabare shamba la maharage ya aina moja ni shamba la mvivu au la mgeni. Mama wa nyumba hukaa na ungo baada ya mavuno, akachambua, akachagua yaliyo mazuri ya kila aina, kisha akayachanganya kwa mkono wake mwenyewe katika chungu kimoja: mekundu, meupe, ya njano, yenye madoa. Mvua ikizidi, haya yataoza na yale yatazaa. Jua likizidi, mambo yatageuka, na bado nyumba itakula. Kuchagua ni nusu ya kazi, na kuchanganya ni nusu ya pili. Kambini, walikogawiwa maharage ya msaada ya rangi moja mwaka mzima, Chibalonza alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kubadilishana kikombe kwa kikombe mpaka apate mchanganyiko wake.

Dokta alikuwa ameshachagua. Hayo kumi na mawili yalikuwa mazuri yote, si amesema mwenyewe? Basi Chibalonza akayapukuchua moja baada ya jingine, akapepeta vizuri mpaka hakikubaki hata kipande cha kikonyo, akamimina zote katika bakuli moja kubwa la chuma. Akatia mkono, akazigeuza mara tatu kama alivyofundishwa na mama yake. Alikwenda nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu afike nchi hii.

Dokta aliporudi alilitazama bakuli, akaitazama mifuko kumi na miwili iliyokunjwa vizuri pembeni, akakaa chini. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba miaka minne ya kazi iko ndani ya bakuli hilo, kama mbegu elfu saba, na kwamba katika majike yale kumi na mawili saba ni safi na matano ni ya katikati, aliyachukua makusudi ili alinganishe, na sasa hakuna mtu duniani anayejua ipi ni ya nani.

Baada ya saa moja akaja meneja. Gavin alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa karatasi, mtu wa kuzunguka na faili. Alisema mbegu zisizojulikana mama yao haziruhusiwi kukaa kituoni na zitachomwa Ijumaa. Akamgeukia Chibalonza, akasema kwamba anasikitika, lakini Ijumaa itakuwa pia siku yake ya mwisho. Akaongeza kwamba si kosa lake, kwamba kituo ndicho kilichomkabidhi kazi ya kitaalamu mtu asiye na ujuzi.

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Kufukuzwa angekuvumilia, amefukuzwa sehemu mbaya zaidi ya hiyo. Kilichomkera ni hilo neno, limemfuata meza kwa meza mpaka hapa. Akasema, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba mbegu hizo atazichambua yeye na kuzirudisha kwa mama zao.

Gavin alitabasamu kwa adabu. Akamkumbusha kwamba kemikali haionekani kwa macho, kwamba Dokta mwenyewe pamoja na digrii zake lazima atumie mashine.

"Mimi sitafuti kemikali," Chibalonza alisema. "Namtafuta mama."

Akaeleza, na pale Kiingereza kilipokwisha alitumia mikono. Harage likipandwa karibu na harage jingine, likachanganya damu na jirani, huwezi kuona kitu mwaka huo, kwa sababu ganda la mbegu si la mtoto. Ganda ni nguo aliyoshonewa na mama yake. Ndani anaweza kuwa wa baba yeyote, lakini nje amevaa cha mama, yeye na ndugu zake wote wa mavuno hayo. Kwa hiyo jike moja hutoa mbegu zilizovaa sare. Kila mama wa Kabare anajua hilo, hata yule asiyejua kuandika jina lake.

Dokta Bronwyn akainua kichwa. Alitia kidole kwenye bakuli, akavaa miwani, akachukua mbegu mbili, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwao, kwamba ni kweli, ganda ni la mama, imeandikwa kwenye kila kitabu cha mwaka wa kwanza na yeye hajawahi kuitumia hata siku moja. Akamwomba Gavin siku tatu. Gavin akatazama faili lake, akakubali, kwa sababu Ijumaa ilikuwa palepale na haikumgharimu kitu.

Chibalonza alifungiwa ndani ya chumba cha mbegu, chenye dirisha kubwa na meza nyeupe. Walimpa kioo cha kukuzia na koleo dogo. Kioo alikitumia, koleo alilirudisha. Mbegu ya bangi ni ndogo, kama punje ya mtama, na mtu asiyetazama huona vumbi la kahawia. Yeye aliona kuta za nyumba tofauti. Nyingine zilikuwa na mishipa kama ya jani la tumbaku, nyingine marumaru ya kijivu, nyingine nyeusi kwa mgongo na nyeupe kwa tumbo. Kuna zilizochongoka, kuna za duara, kuna zenye pete kwenye kitako mahali zilipobanduka. Siku ya kwanza alichambua kwa ukubwa. Siku ya pili kwa marumaru. Siku ya tatu kwa kitako, na shingo ilikuwa imekauka mpaka akawa anageuka mwili mzima kumtazama anayeingia.

Katika bahasha za maabara zilizorudi palikuwa na mbegu tatu nne zilizosalia za kila jike, kila bahasha na namba yake. Chache mno kuwa na faida, lakini zilitosha kuwa shahidi. Alhamisi mchana alipanga mafungu yake mezani, mbele ya kila fungu akaweka bahasha inayofanana nalo. Bahasha zilikuwa kumi na mbili. Mafungu yalikuwa kumi na matatu.

Alihesabu tena. Akatazama lile fungu lisilo na bahasha, kisha fungu namba saba, kisha lile tena. Marumaru yalikuwa yaleyale ya kijivu, ukubwa uleule. Lakini za saba zilikuwa na pete nyeusi kitakoni, na hizi hazikuwa nayo, hata moja. Ni ndugu, alijiambia, tena wa karibu, lakini si mtu mmoja. Akakumbuka kwamba chungu namba saba kilikuwa na mashina mawili yaliyojiviringisha pamoja kwenye ufito mmoja, naye aliyafunga kwa kamba moja akidhani Dokta ameyataka hivyo.

Alipowaita, Gavin alihesabu kwa kidole na uso wake ukatulia kabisa. Kwenye kitabu cha mbegu kulikuwa na majike kumi na mawili. Kwenye leseni kulikuwa na majike kumi na mawili ya mbegu. Mmea wa kumi na tatu ungekuwa mmea usiosajiliwa, na mmea usiosajiliwa wa aina hii, alisema, ni jambo ambalo yeye hataki hata kulitamka mbele ya mkaguzi. Jambo jepesi zaidi kuamini ni kwamba mama huyu amekisia na amekosea kuhesabu.

Dokta alikuwa mpole zaidi, na kwa hiyo alikuwa wa hatari zaidi. Alisema kazi hii ni ya ajabu, hajaona mfano wake. Alisema huenda hizi zisizo na pete ni mbegu za namba saba ambazo hazikukomaa vizuri. Kitabu chake kilisema chungu kile kilikuwa na mmea mmoja, na alikiandika mwenyewe. Kama Chibalonza angeziunganisha tu na za saba, mafungu yangekuwa kumi na mawili, yangepandwa kwa majaribio, Gavin angefunga faili, na Jumatatu angerudi kazini kama kawaida. Akasema hivyo akimtazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli.

Chibalonza aliomba apewe mpaka kesho.

Kwenye treni ya kurudi alikaa na Dévote, Mrundi aliyekuwa akitunza wazee katika nyumba moja hapo Penrith. Walifahamiana tangu Nyarugusu, Dévote alikokuja kumtembelea shangazi yake, na kila jioni walirudi pamoja, Dévote akiwa amevua viatu kabla treni haijaondoka. Alisikiliza hadithi yote huku akijikanda nyayo.

"Mama Aline, we unataka nini sasa?" alisema. "Boss amekufungulia mlango. Mimina hiyo fungu ndani ya ingine, fanya sign, rudi kwa kazi. Mi niko na double shift, mgongo umekufa. We unakaa kwa kiti unacheza na mbegu, na bado una-complain."

"Si-complain, dada. Mbegu iko na mama yake. Mi siwezi kumupa mtoto mama mwingine juu ya kuogopa boss."

"Na kama umekosea?"

"Sikukosea."

Dévote alimtazama, akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa uchovu. Akamwambia kwamba basi kwenye nyumba ya wazee wanatafuta mtu wa kufua, aje na barua yake Jumatatu, maana kwa kichwa hicho atahitaji.

Huko nyumbani Fidèle aliambiwa na akasema afanye anavyoona, kama alivyosema katika ndoa yao yote. Lakini msidhani mwanamke huyu hakuogopa. Aliogopa sana. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote alizowahi kuifanyia nchi hii. Kuimwaga kwa ajili ya mbegu mia tano ambazo hakuna mwingine anayeziona tofauti, hilo si jambo dogo, na alikunywa chai yake ikiwa baridi bila kujua. Ila kila alipojaribu kuyaona mafungu mawili kama moja, macho yalikataa. Kuyaunganisha kungekuwa kukiri kwamba wote walioandika hana ujuzi walisema kweli.

Asubuhi aliingia moja kwa moja ofisini kwa Gavin, Dokta akiwemo.

"Ni kumi na matatu," alisema. "Mkitaka kuchoma, chomeni kumi na matatu. Mkitaka kupanda, pandeni kumi na matatu. Kumi na mawili mtaandika wenyewe, si kwa mkono wangu."

Gavin alianza kusema kitu kuhusu Ijumaa na makubaliano. Dokta Bronwyn alikuwa anatazama dirishani, na alichokuwa anawaza hakukisema, lakini mtu aliyewahi kupanda mbegu mbili shimo moja kwa kuogopa moja isiote, kisha akasahau kung'oa ya ziada, huwa na namna yake ya kutazama dirishani. Akasema watapanda kumi na matatu. Akasema jukumu ni lake na ataliandika. Gavin akalikunja faili, na Chibalonza akarudishwa kwenye ufagio mpaka majibu yatoke.

Alifagia wiki sita. Alifagia mpaka pasipohitaji. Hakuruhusiwa kuingia banda namba mbili, mahali miche ilipokuwa, ishirini ya kila fungu, basi alisafisha kioo cha nje cha banda hilo kila siku, pande zote nne, na Gavin akipita alimsalimia vizuri kabisa bila kuacha kusugua. Kanisani walimuuliza kama ni kweli ameachishwa kazi. Aliwajibu kwamba bado, lakini atawapigia simu, wasijisumbue kunong'ona.

Majibu yalikuja Juni, siku ya mvua. Dokta alitoka na karatasi bila mwavuli, akamkuta Chibalonza nyuma ya banda, akamwonyesha safu kwa kidole, moja moja. Mafungu saba yalikuwa safi, miche yote ishirini, na yalikuwa yaleyale saba ambayo mama zao waliandikwa safi. Matano yalitoka nusu kwa nusu, tisa kwa kumi na moja, kumi kwa kumi, na yalikuwa yaleyale matano. Hakuna hata mche mmoja wenye doa uliokuwa kwenye fungu safi. Kisha kidole kikafika safu ya mwisho. Fungu la kumi na tatu, ndugu wa saba, lilikuwa na doa: kumi na moja safi, tisa la.

Dokta alisema angeziunganisha. Alisema neno hilo mara mbili. Angeziunganisha na za saba, na namba saba ndiyo aliyoitarajia kuliko zote, ndiyo ingekwenda kwa wakulima kwa jina lake. Msimu mmoja tu, na doa lingekuwa katika mashamba ya watu wasio na hatia, na hakuna ambaye angejua limeingilia wapi. Alimshika Chibalonza mkono, wote wawili wameloa. Chibalonza alimwambia waingie ndani, karatasi inalowana.

Dokta alimwandikia mkaguzi siku hiyohiyo, akaeleza chungu chenye mimea miwili na kwamba mkono uliopanda ulikuwa wake. Kituo kilipewa onyo, fungu la kumi na tatu likachomwa mbele ya mashahidi, leseni ikabaki. Chibalonza alitazama zikiungua na hakupenda, maana hajazoea kuchoma mbegu, lakini alikubali kwamba hizo zilistahili.

Siku iliyofuata Gavin alimwita ofisini. Alikuwa amefurahi kwa namna yake. Alimwambia kwamba kazi yake ipo, tena si ya ufagio, ni ya chumba cha mbegu, na kwamba kimebaki kitu kimoja tu cha utaratibu. Mchanganyiko ulitokea kweli, na kila tukio lazima liwe na barua ya onyo kwenye faili la mfanyakazi. Atie sahihi hapo chini. Watu wote hutia, haina madhara.

Chibalonza aliisoma akifuata mistari kwa kidole, kwa Kiingereza alichojifunza kwenye madarasa ya wakimbizi pale Fairfield. Haikuwa ndefu. Ilisema kwamba alichanganya mbegu za majike kumi na mawili kwa uzembe na kwa kutojua mbegu. Alisoma mara mbili. Gavin akampa kalamu.

Aliichukua, akaweka mstari mmoja mnyoofu juu ya maneno matatu ya mwisho, mengine akayaacha. Namba nayo akaikata, akaandika kumi na tatu. Kisha akatia jina lake lote, Chibalonza M'Cirhuza, ndiyo kusema binti wa Cirhuza, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Gavin alisema kwa upole wake wote kwamba barua rasmi haikatwi kwa kalamu. Ikiwa na mkato haina nguvu, lazima ichapwe upya.

"Kuchanganya nilichanganya," alisema Chibalonza. "Uzembe uache, kama unakusaidia. Lakini kutojua mbegu, hapana. Chapa nyingine."

Akavuta kiti, akaketi, akaweka mikono mapajani, akangoja mashine ichape.